Nimefika Kwenye Changarawe

Jua lilikuwa linazama Mama Hali alipopanda ngazi za chumba cha redio, chupa ya chai kwapani, ndoo ya kamba mkononi na ufunguo mdomoni. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila jioni. Angeweza kuifanya usingizini, na mumewe alipenda kutania kwamba siku nyingine aliifanya hivyo kweli.

Chumba chenyewe kilikuwa juu ya banda la mashua, kwenye kambi ya wavuvi wa mchezo. Wageni walitoka mbali kuja kumvua sangara, wakampima urefu, wakapiga naye picha, kisha wakamrudisha ziwani akiwa hai. Mpishi wa kambi hakulizoea jambo hilo hata kidogo. “Samaki mkubwa namna hiyo mnambusu, halafu mnamwachia,” alilalamika kila wiki. “Sasa mimi nipike picha?”

Mama Hali ndiye aliyetoa hali ya ziwa. Asubuhi aliingia majini na kimashua chake, akashusha kipimajoto kwenye kamba yenye jiwe, akashusha sahani nyeupe aone inapotelea kina gani, akatazama ndege walikokusanyika na dagaa walikokimbilia. Jioni alisoma redioni: upepo, joto la maji, maji angavu au yaliyochafuka, sangara wanakula wapi, na wanapendelea chambo cha rangi gani.

Waongozaji wote walimsikiliza yeye kwa sababu hawakuweza kusikilizana wenyewe. Mwongoza wavuvi hasemi kweli kuhusu mahali penye samaki. Akikuonyesha mashariki, wewe geuza shingo utazame magharibi. Hakuna aliyeona ubaya; walidanganyana asubuhi, wakachekana jioni, wakanywa chai kwenye sufuria moja. Lakini walikuwa wameelewana jambo moja bila hata kulisema. Mama Hali hadanganyi. Lazima mtu mmoja aseme kweli, la sivyo ziwa litawamaliza wote.

Alikuwa amedanganya mara moja tu.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano. Waliobaki kuwania ukuu wa waongozaji walikuwa wawili: mumewe, na mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Huyu wa pili walimwita Mluzi, maana hakuwahi kusema neno redioni kabla ya kupiga mluzi mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Alfajiri ile Mluzi alimwita redioni kwa faragha.

“Shemeji, wewe ndiye mkweli wangu. Nikaonje maji wapi kabla sijamchukua mgeni wangu?”

Jana yake Mama Hali alikuwa amewakuta sangara kwenye ghuba ya matete, wamejaa tele. Siri hiyo alikwisha kumnong’oneza mumewe. Akashika kipaza sauti, akasema, “Nenda Miambani. Upepo mdogo.”

Miambani hapakuwa na samaki hata wa dawa. Na upepo... alikuwa ameuona ukijikusanya upande ule, mstari mweusi juu ya maji. Alijiambia kwamba shemeji atarudi kabla haujachachamaa. Alijiambia pia kwamba ni utani wa kivuvi tu, nani asiyefanya?

Mashua ilionekana imepinduka. Mluzi hakuonekana. Mumewe Mama Hali akawa mkuu wa waongozaji, akalia sana msibani, na kilio chake kilikuwa cha kweli kwa sababu hakujua lolote. Aliyejua alikuwa mmoja. Tangu siku hiyo, kila alipoitwa Mama Hali alijisikia kama anaitwa mwizi.

Mdogo wake alikataa matanga yaishe, na akakataa pia yaanze. Alikaa gatini kila jioni na redio ya mkononi ya mumewe, ile ya akiba, akiwa ameikumbatia ndani ya shali. Ole wako umwite Mluzi marehemu mbele yake.

Basi jioni hiyo Mama Hali alisoma taarifa yake kama kawaida. Upepo mwanana kutoka kusini. Maji yamechafuka kidogo. Sangara wamepooza. Waongozaji wakajibu mmoja mmoja, “Nimepokea,” wakazima redio zao, kila mtu akaelekea kwenye chai. Akanyoosha mkono azime na yeye.

Mluzi.

Mara mbili.

Mkono ukabaki hewani.

“Shemeji...” Sauti ilikuwa ya chini, nzito, kama ya mtu aliyejaza maji mdomoni. “Huku ni mita arobaini. Maji baridi. Nuru hakuna. Sangara wamelala, vichwa vimeelekea kusini. Mkiwashushia chambo cheusi polepole, wataamka.”

Harufu ikatoka kwenye redio. Ya tope bichi. Ya matete yaliyooza.

Mama Hali alichomoa waya kwa nguvu, akateremka ngazi bila kufunga mlango. Njiani alijishauri kwamba ni mwongozaji mmoja asiye na haya, anaiga sauti ya watu. Waongozaji wana mizaha ya kijinga. Lakini asubuhi hakuweza kujizuia. Alikwenda hadi kwenye kina kilichotajwa, akateremsha chambo cheusi polepole. Kamba ilikaza ghafla hadi kimashua kikageuka.

Hapo ndipo alipofanya jambo alilolionea aibu kuliko lile la kwanza. Jioni aliisoma taarifa ile kama yake. Wageni wakaenda, wakavua sangara ambao haujawahi kuonekana mfano wao, wakarudi wakipiga kelele za furaha. Walimpa mkono. Hata mpishi alimsifu, akisema kama hawaliwi basi angalau ni wanene. Mama Hali akapokea shukrani zote akitabasamu. Alikuwa anakula jasho la mtu aliyemzamisha, na alijijua.

Ikawa ndiyo desturi. Yeye akisoma, waongozaji wakipokea na kuzima, mluzi ulipigwa mara mbili, na taarifa ya kweli ikaja kutoka chini. Joto la maji mahali ambapo kamba yake haikufika. Samaki wangapi. Wanasubiri nini. Aliisikiliza, na kesho yake akaisoma kama yake.

Mpaka jioni moja sauti ikasema, “Shemeji, nimefika kwenye changarawe.”

Mama Hali aliujua ule ukanda wa changarawe. Sakafu ya ziwa lile aliijua kama jikoni kwake gizani, kwa miaka ya kushusha kamba. Kutoka Miambani unashuka kwenye kina cha mita arobaini. Kisha sakafu inaanza kupanda taratibu, unafika kwenye changarawe. Mbele ya changarawe kuna magugu. Mbele ya magugu...

Kuna gati.

Hakusema nimepita juu yake. Alisema nimefika. Kama mtu anayetembea.

“Unafuata nini?” alinong’ona. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumjibu.

“Sauti yako. Huku kiza, shemeji. Ukisoma taarifa ndipo ninapojua nyumbani ni wapi. Nakwenda hatua chache, inazimika, nasimama mpaka kesho. Usinyamaze.”

“Unakuja kufanya nini?”

Mapovu.

“Nina neno la kumwambia mke wangu.”

Mama Hali hakulala usiku ule. Alilijua neno lenyewe. Lingekuwa neno gani lingine? Alimwona mdogo wake, mtoto aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa akiugua, aliyemfundisha kusuka nywele na kupika uji, akisikia kutoka kwa maiti kwamba dada yake ndiye aliyemfanya mjane. Kila kitu duniani angeweza kukipoteza. Mumewe, kazi, jina. Si mapenzi ya yule mtoto.

Kesho yake akasema koo limekauka, hawezi kusoma. Siku nzima redio za kambi zikapiga mluzi. Za jikoni, za banda, za mashua zilizofungwa. Mluzi mara mbili, kimya, mara mbili tena.

“Redio zimeingiwa na kunguru?” mumewe aliuliza, akiigonga ya kwake kwa kiganja.

Meneja akaja juu. “Wageni wanaingia ziwani kama vipofu. Kama koo linauma, nong’ona.”

Akarudi kunong’ona. Na kila aliponong’ona, mtu alipiga hatua huko chini. Changarawe ikaisha. Maji anayoyataja yakaanza kuwa vuguvugu. Akasema anaona kitu kijani.

“Magugu, shemeji. Mita nane. Kesho nitakuwa nyumbani.”

Jioni iliyofuata Mama Hali alisimama dirishani kabla ya kusoma. Ziwa lilikuwa limetulia tuli, rangi ya chuma. Gatini, mdogo wake alikuwa amekaa ukingoni, miguu inaning’inia. Mapajani alikuwa na shati la kiume. Lilikuwa kavu, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri.

Kwa nini alete shati? Mama Hali hakutaka kujiuliza zaidi.

Akasoma. Upepo, joto, chambo. Nimepokea, nimepokea, nimepokea. Redio zikazimwa. Mluzi ukalia, safari hii wazi kabisa, kama upo chini ya sakafu ya banda.

“Shemeji. Nipe ya mwisho. Niko kwenye magugu.”

Kipaza sauti kilikuwa kimelowa jasho lake. Angeweza kusema kweli. Neno moja tu lilitosha. Badala yake alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, kwa sauti ileile tulivu ya kila jioni:

“Umepotea, shemeji. Gati si huko. Geuka. Nyumbani ni mashariki, fuata maji yanakopoa.”

“Mashariki?”

“Mashariki.”

“Nilidhani naona taa...”

“Ni mashua tu. Geuka.”



“Asante, shemeji,” sauti ikasema. Ilikuwa na shukrani ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomchoma. “Bila wewe ningepotea.”

Nje, magugu yaliyo karibu na gati yakalala. Hapakuwa na upepo. Yakalala mstari mmoja, kuelekea maji makuu, kama nyasi zinapopitwa na mtu. Kisha yakainuka.

Mama Hali akaweka kichwa mezani. 

Ngazi zikalia. Mtu alikuwa anapanda polepole, bila viatu.

Mdogo wake akasimama mlangoni. Shati lilikuwa begani, na redio ya mkononi ilikuwa imewashwa. Taa yake ndogo nyekundu ilimmulika kidevu.

“Dada,” alisema, “mbona umemrudisha?”

Mama Hali akainua kichwa mezani. 

“Namsikia tangu jioni ya kwanza. Nilidhani wewe humsikii, nikaogopa kukwambia utaniona mwehu. Halafu nikasikia unamjibu.” Aliongea taratibu, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. “Wewe ukizima, huwa ananiita mimi kwenye hii ndogo. Hana maneno mengi. Anataka kuniaga, basi. Anasema hakuniaga siku ile, aliniacha nimelala. Anasema nisiwe na wasiwasi, shemeji anamwongoza, na shemeji hajawahi kumdanganya.”

Mama Hali akashika ukingo wa meza. Mluzi hakujua. Mtu yule alikuwa amekufa, amelala chini ya maji yote yale, na bado hakujua.

“Alikuwa amebakiza magugu tu,” mdogo wake alisema. Kisha uso wake ukabadilika. Kitu kilikuwa kimefika. “Na siku ile pia? Ulimwambia hivyo hivyo?”

Hapo palikuwa na nafasi ya kudanganya. Palikuwa na nafasi pana, na mwongo wa mara mbili anaijua njia. Lakini Mama Hali alikuwa amechoka na uongo kuliko mtu anavyochoka na mzigo. Akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

“Samaki walikuwa wapi?”

“Kwenye matete.”

“Na upepo?”

“Niliuona.”

Alisubiri kofi, kilio, laana. Angevipokea vyote na kusema asante. Mdogo wake alimtazama tu, kwa muda, jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyowahi kukaa zamani.

“Inuka kwenye kiti,” akasema.

Akainuka. Mdogo wake akakaa, akakigeuzageuza kipaza sauti mkononi. “Unabonyeza wapi?”

Mama Hali akamwonyesha. Mdogo wake alimwita mumewe jioni ile hadi sauti ikamkauka. Hakujibiwa. Mluzi alikuwa amekwenda mashariki, kama alivyoelekezwa.

Siku ya pili Mama Hali alimwambia meneja kwamba koo limekufa kabisa, na kazi ikahamia kwa mdogo wake. Watu walisema ni vizuri, kazi hufariji mfiwa. Alijifunza haraka kamba na sahani nyeupe. Waongozaji walimwamini kuliko hata walivyomwamini aliyemtangulia, na mumewe Mama Hali alisema hadharani kwamba familia hii imebarikiwa ukweli. Mkewe alisikia akatoka nje.

Na mdogo wake hakumtangaza. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Wakikutana njiani alisimama pembeni, akainamisha kichwa, akasema, “Shikamoo, dada,” kwa heshima kamili, akapita. Hakuongeza neno jingine. Angalau angemtukana, mtu angejua amesimama wapi.

Nyumba ya Mama Hali na mumewe ndiyo ilikuwa ya mwisho, ukumbi wake wa nje unakaribia kulowa ziwa likijaa. Kila jioni mumewe alikuwa bado majini na wageni. Kila jioni Mama Hali alikaa jikoni peke yake, redio ya mumewe ya akiba mezani, akisikiliza hali ya ziwa. Angeweza kuizima. Hakuizima, na baada ya waongozaji kupokea na kuaga, alikuwa akiinamisha sikio karibu na kusikiliza mdogo wake akisema na maji.

“Rudi, mume wangu. Umeelekezwa vibaya. Fuata sauti yangu.”

Wiki zilipita bila jibu. Kisha jioni moja mluzi ukajibu kutoka mbali sana, kama mtu aliye ng’ambo ya bonde. Mita arobaini. Akaanza upya. Changarawe, akaipita. Mdogo wake alimwongoza bila haraka, jioni kwa jioni, na kati ya taarifa moja na nyingine alimweleza mambo. Mama Hali alisikia yote. Alisikia alipomwambia kuhusu matete. Alisikia alipomwambia kuhusu upepo. Kutoka chini hapakuja hata povu, na jioni mbili mfululizo sauti haikusema kitu. Ya tatu ilitaja kina tu, na haikuwa tena na ile shukrani.

Leo ilikuwa hivi.

“Hali ya ziwa jioni hii,” mdogo wake alisoma. Sauti ilikuwa safi na tulivu. “Upepo hakuna. Maji angavu hadi chini. Sangara wameondoka karibu na pwani, wote, sijui wamekimbia nini. Kesho msihangaike na maji madogo.”

Nimepokea, waongozaji walijibu. Nimepokea. Wakazima.

“Na wewe, mume wangu. Mita ngapi?”

“Mbili.”

“Usije gatini. Mimi umeshaniaga, nimekusikia, nimeridhika. Pinda kushoto, upite kwenye mawe ya kufulia. Utaona nyumba yenye taa jikoni. Dada yangu yumo. Ana neno lako.”

Redio ikakatika.

Mama Hali aliitazama taa. Pumzi moja tu ingeizima. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na njia ya kwenda kambini ilikuwa bado inaonekana. Miguu ilitaka kukimbia. Ila moyoni, chini ya hofu yote, kulikuwa na kitu kilichofanana na nafuu, na kilimshangaza.

Mawe ya kufulia yaligongana.

Kisha ukumbini... chwa. Chwa. Maji yakidondoka kwenye mbao. Harufu ya tope ikapenya chini ya mlango, na nyuma yake ukaja unyevu mweusi, ukisambaa sakafuni taratibu hadi kwenye vidole vyake. Ulikuwa wa baridi ya mita arobaini.

Kitu kikaegemea mlango kwa nje. Mbao zikalia.

“Shemeji,” sauti ikauliza, na haikupitia redioni. “Ni hapa?”

Aliujua uongo wa kumjibu. Ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi, umezoea njia.

“Ndiyo, shemeji,” alisema. “Ni hapa.”

Akavuta komeo.